Usukani, Kana na Mkono wa Baharia: Uhakiki wa Istilahi za Kuongozea Vyombo vya Tanga

Ofisi moja iliyokuwa ikitayarisha mwongozo wa usalama kwa watumiaji wa vyombo vidogo vya tanga ilituletea rasimu ya tafsiri yake, ikiomba istilahi zikaguliwe kabla ya kupigwa chapa. Ukurasa uliotushughulisha ulikuwa mmoja tu. Ulieleza namna ya kuufanya mpini wa usukani utulie wakati chombo kinakwenda, ili mtu aliye peke yake apate nafasi ya kukumba maji, kunyoosha nyavu au kupunguza tanga. Mfasiri wake, kama tulivyoona katika kurasa nyingine, anakijua Kiswahili vizuri. Sarufi yake haikuwa na dosari, na kila neno alilotumia limo katika kamusi. Hata hivyo, ukurasa ule kama ungetolewa ulivyokuwa, ungeweza kumpindulia mtu chombo chake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyowezekana. Kwa kuwa sehemu ya lawama ni yetu sisi wenyewe, kama itakavyoonekana mbele, hatumtaji mfasiri wala ofisi yake.

Neno moja kwa vitu vitatu

Katika rasimu ile neno usukani lilitumika kwa ubao uingiao majini, likatumika kwa mpini anaoushika baharia, na kwingineko likatumika kwa gurudumu la kuongozea meli kubwa. Kwa mazungumzo ya kila siku mfasiri hakukosea. Neno usukani, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikuwa kwanza jina la ubao ule uliofungwa tezini. Magari yalipokuja likapanda nchi kavu, likapata makao mapya, na leo wengi wanalijua huko zaidi ya baharini. Mkaaji wa Tandika au Mbagala akisikia kwamba dereva amekamata usukani, hafikirii maji hata kidogo. Dereva wa daladala ana usukani wa duara. Mwenye bajaji na mwenye pikipiki wana usukani wa kushikwa kwa mikono miwili. Hata maofisini twasema kwamba fulani ameshika usukani wa idara. Haya yote ni maendeleo halali ya lugha, wala hatuna nia ya kuyapinga.

Lakini yafaa ieleweke kwamba neno hili lilipohama lilibadilisha mahali pa mkono. Baharini usukani ni kitu ambacho mkono haukigusi wakati wa safari. Kiko chini, ndani ya maji. Nchi kavu usukani ndicho kitu chenyewe kinachoshikwa. Tena, nchi kavu mkono na njia huenda upande mmoja: dereva akizungusha kulia, gari huenda kulia. Katika ngalawa au mashua mambo ni kinyume. Mpini ukisukumwa kulia, ubao ulio majini huelekea kushoto, na omo ya chombo hugeuka kushoto. Basi mfasiri anapoandika kwamba baharia ageuze usukani kulia, amemwambia nini? Aliyekulia pwani ataelewa ubao, naye atausukuma mpini kushoto. Aliyejifunza kuendesha pikipiki kabla ya kujifunza bahari ataelewa kitu kilicho mkononi, naye atakisukuma kulia. Amri moja imezaa vitendo viwili vinavyopingana, na kila mmoja wa watu hao amekifahamu Kiswahili sawasawa.

Pengine msomaji ataona kwamba tunakuza jambo dogo. Tunamkumbusha kuwa mataifa yenye meli kubwa kuliko zetu yaliwahi kusumbuliwa na jambo hili hili. Katika meli za Uingereza, hadi mwisho wa mwaka 1932, amri ya kugeuza ilitajwa kwa kufuata upande wa mpini, ingawa meli nyingi zilikuwa tayari zikiongozwa kwa gurudumu. Mkuu wa zamu aliyetaka meli iende kushoto alitamka neno la kulia. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Titanic ilipokaribia mlima wa barafu, amri iliyotolewa ilitaja upande wa kulia, na meli ikageuzwa kushoto kama ilivyokusudiwa, maana mabaharia wa siku hizo walikuwa wameizoea kawaida hiyo. Lakini meli za mataifa mengine zilifuata kawaida nyingine, na rubani akihama kutoka meli ya taifa moja kwenda ya taifa jingine alikuwa hatarini. Mkataba wa London wa mwaka 1929 kuhusu usalama wa maisha baharini uliagiza kwamba amri itaje upande ambao omo ya meli itaelekea. Uingereza ilianza kuitekeleza kanuni hiyo tarehe 1 Januari 1933. Kwa hiyo swali la kitu gani hasa kinatajwa, ubao, mpini au omo, ni swali lililowahi kuwekewa mkataba wa mataifa, na sisi hatuna sababu ya kulidharau.

Kana halijafa

Mpini wa usukani una jina katika Kiswahili, nalo ni kana. Neno hili limo katika kamusi, na limo katika vinywa vya wavuvi. Twasema kana ya usukani, kana imevunjika, shika kana. Kwa nini basi mfasiri hakulitumia? Tulipomwuliza, alijibu kwamba alilijua, ila aliogopa lisije likachanganywa na kana tunayoitumia katika kana kwamba, au na kitenzi cha kukana shtaka. Hofu hiyo ni ya mtu mwangalifu, lakini haina msingi wa kutosha. Kiswahili kina maneno mengi yanayofanana umbo na kutofautiana maana, na aghalabu sentensi yenyewe huondoa utata. Hakuna msomaji atakayeambiwa aisukume kana upande wa kushoto akadhani kwamba anaambiwa akanushe jambo.

Katika majadiliano yetu ya awali baadhi ya wenzetu walipendekeza shikio, kwa hoja kwamba mpini ni kitu cha kushikwa. Pendekezo hilo lina mantiki ya umbo, lakini halikuchunguza historia. Katika kamusi za zamani shikio la chombo ni jina la usukani wenyewe, yaani ule ubao. Kulichukua leo tukalifanya jina la mpini kungekuwa kuurudisha mlangoni utata ule ule tulioufukuza dirishani.

Kufunga na kushikiza

Sasa tufike kwenye kosa ambalo sisi tulishiriki. Rasimu ilimwagiza baharia kwamba, akitaka kuiachia mikono, aufunge usukani. Nasi, tukiwa tumeketi mezani na kamusi zetu, tukaona neno hilo ni sahihi, tukaandika pembeni pendekezo la kukiita kifaa cha kazi hiyo kifunga usukani. Laiti tungaliishia hapo, kosa lingalipigwa chapa likiwa na idhini yetu.

Tulikwenda Kunduchi, wilayani Kinondoni, wakati wa alasiri ngalawa zinaporudi. Mzee mmoja aliyezeeka katika kazi hiyo alikubali kutusikiliza tukimsomea ukurasa wote. Tulipofika mahali ambapo baharia, akiwa katikati ya maji, anaambiwa aufunge usukani, alituuliza kwa upole:

“Wanangu, huo usukani alikuwa ameuweka wapi tangu alipotoka pwani?”

Waliokuwa karibu wakacheka, nasi tukaelewa. Ngalawa inapopandishwa mchangani usukani hufunguliwa na kutiwa ndani, kwa kuwa ubao wake hushuka chini na ungegonga ardhi. Chombo kinaposhushwa, usukani hufungwa tena tezini. Kufunga usukani, kwa mvuvi, ni kazi ya pwani kabla ya safari. Mwongozo wetu ulikuwa ukimwambia mtu aliye baharini afanye jambo alilokwisha kulifanya asubuhi.

Tukamweleza mzee yule tulilokusudia. Akasema, “Aa, hiyo ni kana. Kana hushikizwa, bwana, haifungwi.” Kisha akatuonyesha. Alichukua kamba moja, akaifunga upande mmoja wa chombo, akaizungusha kwenye kana mara tatu, akaifunga upande wa pili. Hapakuwa na fundo lolote juu ya kana yenyewe. Mizunguko ile mitatu iliishika kwa msuguano tu. Mkono ukiisukuma, kana ilisogea na kukaa mahali papya. Akaongeza kwamba akiwa na haraka haitafuti hata kamba: huibana kana kwa paja au kwa mguu, mikono ikafanya kazi nyingine.

Tofauti kati ya vitenzi hivi viwili si ya mapambo. Kufunga ni kuzuia kabisa, hata kitu kisitoke bila kufunguliwa. Kushikiza ni kushika kwa muda, kwa kutumia kitu kingine badala ya mkono, hali mkono ukibaki na ruhusa ya kurudi wakati wowote. Upepo wa ghafla hausubiri mtu afungue fundo. Baharia aliyefunga kana kwa fundo gumu, na demani ya tanga nayo ameifunga, hana chombo tena mkononi mwake. Ana kiti tu cha kukalia akisubiri kupinduka. Wahenga walisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Hatupendi kuona chombo kizima, chenye usukani wake, kinazama kwa sababu ya kitenzi.

Umbo la shikiza lina faida nyingine kwa muundaji wa istilahi. Ni mnyambuliko wa kawaida wa kitenzi cha Kibantu, na kutokana nao tunapata kishikizo, neno ambalo kila mwalimu na kila fundi cherehani analijua. Kishikizo cha kana basi ni jina linalojieleza. Linafaa kwa kamba yenye mizunguko, kwa kijiti kinachochomekwa, na kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, kama ule wa manati, unaoivuta kana bila kuikomaza. Lakini halifai kwa mitambo ya siku hizi inayoisogeza kana yenyewe kwa nguvu za umeme ikifuata dira. Mtambo huo hushika na pia huendesha. Kwa hiyo tunaona afadhali uitwe kiendesha kana, ili mtumiaji ajue kwamba kifaa hicho kina mwendo wake, na kwamba kinaweza kukosea njia bila yeye kukigusa.

Imara si tulivu

Kosa la tatu katika rasimu lilikuwa katika sifa. Kila mara maandishi ya asili yaliposema kwamba mpini ukae bila kuyumba, mfasiri aliandika kwamba ushikwe imara. Neno imara husifu nguvu na uthabiti wa kitu: nyumba imara, msimamo imara. Mtu akiambiwa ashike imara, atakaza ngumi. Lakini linalotakiwa hapa ni hali ya kana, si nguvu ya ngumi, nayo hali hiyo ni kutulia. Kana iliyotulia hushikwa kwa vidole viwili.

Hapa istilahi inagusa utaalamu wenyewe wa bahari. Upepo unapozidi, chombo cha tanga aghalabu hutaka kugeuza omo yake kuelekea upepo unakotoka. Mshika kana huhisi kana ikimvuta, naye hulazimika kuivuta upande wa upepo ili chombo kishike njia. Anayeambiwa ashike imara atashindana na kana mpaka mkono umchoke. Anayeambiwa aitulize kana ataulizwa swali jingine: ni nini kinachoifanya isitulie? Jibu mara nyingi liko kwenye tanga. Ataregeza demani kidogo, au atapunguza tanga, au atahamisha uzito ndani ya chombo, na kana itatulia yenyewe. Hapo ndipo kishikizo kinapofaa.

Ushahidi wa jambo hili ni wa kale na unajulikana. Joshua Slocum, nahodha wa Marekani aliyezaliwa Kanada, aliizunguka dunia peke yake katika chombo chake Spray kati ya mwaka 1895 na 1898. Alipovuka kutoka Kisiwa cha Thursday hadi Visiwa vya Cocos katika Bahari ya Hindi, mwendo wa maili zipatazo 2,700, alitumia siku 23, na kwa maelezo yake muda aliokaa kwenye usukani haukuzidi saa tatu hivi. Spray ilikuwa na gurudumu la usukani, nalo lilikuwa limefungwa kwa kamba. Kamba peke yake isingaliweza kazi hiyo. Matanga yalikuwa yamepangwa yakalingana na chombo. Mfasiri atakayetafsiri habari hizo kwa kusema kwamba Slocum alishika usukani imara atakuwa amesema kinyume cha ukweli, kwa maana Slocum hakushika kitu.

Ziko pia njia za kuitumia demani yenyewe iwe kishikizo. Demani hupitishwa upande upepo unakotoka, ikaunganishwa na kana, na ukanda wa mpira ukaivuta kana kutoka upande wa pili. Upepo ukizidi, demani hukaza, huivuta kana, na omo huuacha upepo. Upepo ukipungua, mpira huirudisha kana mahali pake. Katika maelezo haya rasimu ilisema upande wa juu na upande wa chini, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Msomaji atatafuta juu penye mlingoti na chini penye mkuku, asipate kitu. Kiswahili kina joshini, yaani upande upepo unakotoka, na demanini, yaani upande upepo unakokwenda. Maneno haya mawili yana ubora ambao kulia na kushoto havina: hayabadiliki mtu akigeuza uso kutazama tezini.

Hoja za wanaopinga

Ziko hoja mbili ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza yasema kwamba matanga yanakwisha, kwamba vijana wanataka mashine, na hivyo kana na demani ni maneno ya makumbusho. Tulikwenda Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke kabla ya kuwa wilaya ya peke yake, tukawauliza vijana wa boti za mashine. Mashine inayofungwa tezini huongozwa kwa mpini, na mpini huo hufuata kanuni ile ile ya kana: ukiusukuma kulia, boti huenda kushoto. Walituambia kwamba mwanafunzi aliyezoea pikipiki, siku ya kwanza, huigeuza boti kinyume. Basi tanga lingekwisha lote, kana ingebaki, na hatari ya kuiita usukani ingebaki pamoja nayo. Tunapendekeza mpini huo uitwe kana ya mashine.

Hoja ya pili yasema kwamba maneno haya ni ya pwani, na mwalimu wa Dodoma au Tabora hayajui. Ni kweli. Lakini istilahi si lazima ijulikane na kila mtu; inalazimika kumfaa anayeitumia, na kufafanuliwa mara moja kwa asiyeijua. Hatujapata kusikia mtu akikataa neno la udaktari kwa kuwa mvuvi halijui. Mwaka 1965 A. H. J. Prins alichapisha kitabu kizima kwa Kiingereza, Sailing from Lamu, juu ya maisha ya mabaharia wa Lamu. Itakuwa aibu kwetu kama msamiati wa vyombo vyetu utahifadhiwa katika vitabu vya wageni, na miongozo yetu wenyewe ikaandikwa kwa maneno ya gereji.

Mapendekezo

Tunapendekeza wafasiri na walimu watumie istilahi zifuatazo katika maandishi ya bahari:

Usukani: ubao uliofungwa tezini na kuingia majini, unaogeuza chombo. Katika magari maana iliyozoeleka ibaki kama ilivyo.

Kana: mpini wa usukani anaoushika baharia.

Kana ya mashine: mpini wa kuongozea mashine iliyofungwa tezini.

Gurudumu la usukani: duara la kuongozea meli.

Kushikiza kana: kuifanya kana ikae mahali pamoja kwa muda, kwa kitu kisicho mkono, kwa namna inayoruhusu kuisogeza au kuiachia mara moja.

Kishikizo cha kana: kamba, kijiti, mpira au kifaa kingine cha kushikizia kana.

Kiendesha kana: mtambo unaoisogeza kana wenyewe.

Kutulia kwa kana: hali ya kana kutovuta wala kuyumba, chombo kikishika njia.

Joshini na demanini: upande upepo unakotoka, na upande upepo unakokwenda.

Kadhalika, amri yoyote ya kugeuza itaje kitu kinachoelekezwa. Iandikwe “sukuma kana kushoto” au “elekeza omo kulia”, wala isiandikwe “geuza usukani kulia” bila maelezo.

Ofisi iliyotuletea rasimu imekubali kuurekebisha ukurasa ule, nasi tumefuta pendekezo letu la kifunga usukani. Tunaona fundisho kubwa ni letu kuliko la mfasiri. Neno linaweza kuwa sahihi katika kamusi, likapita mbele ya kamati, na likashindwa pwani kwa swali moja la mzee. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu walioko Kilwa, Mafia, Tanga, Bagamoyo, Unguja na Pemba, na wale wa maziwa ya bara ambako matanga yangali yakitwekwa, watuletee majina wanayoyatumia kwa kishikizo cha kana na kwa namna mbalimbali za kuishikiza. Ikiwa mahali fulani lipo jina bora kuliko letu, letu litaondolewa.